Safari Yetu Kutoka Songea Hata Liuli

Siku hizi watu wengi wa nchi yetu ya Ruvuma, likizo zikifika, hupanda motakaa kwenda kulitazama Ziwa Nyasa. Waalimu wenzangu wameniuliza mara kwa mara njia ilivyo, na mahali pa kulala, na mambo yafaayo kuonyeshwa watoto. Basi nimeona vema kuandika habari za safari tuliyoifanya mwaka jana, mwezi wa Juni, kutoka Songea hata Liuli. Yako mambo ya njia, nayo ni mazuri. Tena liko jambo moja la nyumbani, ambalo nadhani lazihusu nyumba zetu nyingi, nalo nitalisema mahali pake.

Tulikuwa watu sita: baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na mdogo wangu, ambaye kazi yake iko Dodoma, naye ndiye aliyeleta motakaa. Sababu ya safari ilikuwa shangazi yetu, dada mkubwa wa baba. Alizaliwa milimani Mbinga, akaolewa kando ya ziwa, huko Liuli, tangu ujana wake. Baba hakuwa amemwona kwa miaka kumi na moja. Kisha zikaja habari kwamba miguu yake imevimba na macho yake yamepungua nuru. Baba aliposikia, alisema neno moja tu: "Nipelekeni."

Mdogo wangu ni mtu wa kupanga mambo mapema. Alipiga simu, akaweka vyumba vitatu katika nyumba ya wageni iliyo ufukoni, Mbamba Bay, kwa usiku wa siku mbili. Shauri lake lilikuwa hili: nyumba ya shangazi ni ndogo, watu sita ni mzigo kwa bibi mgonjwa, na mgongo wa baba wahitaji kitanda kizuri. Mchana tutakuwa kwa shangazi, usiku tutarudi kulala. Maneno hayo yalikuwa na akili, wala hapana mtu aliyeyapinga.

Tuliondoka Songea saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Juni ni mwezi wa baridi katika nchi zetu za juu, na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, hata taa za motakaa hazikufika mbali. Baba alijifunika blanketi akanyamaza. Tulipopita upande wa Peramiho, watoto walitaka kujua habari zake, nikawaeleza kwamba misheni ile ilianzwa na Wabenediktini mwaka 1898, ikachomwa moto mwaka 1905 katika vita vya Majimaji, ikajengwa tena, na mwaka 1931 ikafanywa abasia. Mitambo yake ya kupiga chapa imewapatia watu wa kusini vitabu na magazeti kwa miaka mingi, na hospitali yake yajulikana mbali. Mbele yake ni Kigonsera, misheni iliyoanzwa mwaka 1899. Hapo alisoma Benjamin Mkapa alipokuwa kijana, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Tanzania tangu mwaka 1995 hata 2005.

Toka Songea hata Mbinga ni yapata kilomita 100, na njia yote ni ya lami. Hata ilipopata saa tatu kasoro robo tulikuwa tumekwisha fika. Mbinga ni mji wa kahawa, na Juni ni wakati wa mavuno. Kila upande tuliona watu wakichuma buni zilizoiva, nyekundu, na kuzitia katika vikapu. Siku ile ile huzimenya kwa mashine ya mkono, huziloweka, huziosha kwa maji mengi, kisha huzianika juu ya vichanja virefu vya wavu, na akina mama hupita wakizigeuza na kuziondoa zilizo mbovu. Harufu ya maganda ilijaa hewani, kali kidogo, kama togwa ianzayo kuchacha. Tulipumzika karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Kilian, tukanunua maharagwe, unga wa mahindi, ndizi na kahawa, vitu vya kumpelekea mwenyeji wetu.

Tulipokwisha kuuacha mji nyuma, baba akasema, "Simamisheni motakaa." Akashuka na fimbo yake, akasimama ukingoni mwa njia akitazama mlima wa pili. Ubavu wote wa mlima ule, toka chini hata juu, ulikuwa umejaa mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu. Watoto wangu, waliozaliwa mjini, wakauliza ni nini. Baba akawaambia, "Hiyo ndiyo ngolo. Hiyo ndiyo iliyonilea mimi."

Yafaa waalimu waijue vema, maana ni elimu ya wazee wetu Wamatengo, wala haikutoka katika kitabu. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa karibu kwisha, wanaume hufyeka majani ya shamba, nayo huachwa yakauke. Kisha majani hupangwa mistari ya kukatana, hata mlima wote huwa miraba, kila mraba yapata meta moja na nusu. Ndipo wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Palipochimbwa huwa shimo, na palipofunikwa huwa tuta lenye majani ndani yake, yanayooza na kuwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharagwe. Masika yajayo hupandwa mahindi, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hayapati njia ya kuteremka na udongo. Kila shimo hukamata sehemu yake. Kwa hiyo milima iliyosimama kama ukuta imelimwa zaidi ya miaka mia moja, na udongo wake ungalipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja kujifunza kazi hii kwa wakulima wenyewe.

Baba akaendelea kuwaeleza wajukuu wake kwamba kila ubavu wa mlima, kati ya kijito na kijito, huitwa ntambo, na zamani ntambo moja ilikuwa ya ukoo mmoja. Tena akawaambia habari za sengu. Jioni wanaume wa ukoo walikusanyika kwa mzee, na kila mama alileta chakula alichopika, wakala pamoja, wakayasema mambo ya siku: nani mgonjwa, nani amekosana na nani, shamba gani lisaidiwe kesho. Mgeni aliyefika hakuulizwa amekuja kula kwa nani. Alinawa mikono akakaa. "Na sengu iko wapi sasa, babu?" mtoto mdogo akauliza. Baba akasema, "Imekwisha. Kila mtu anakula kwake." Akaingia motakaani.

Kutoka Mbinga hata Mbamba Bay ni kilomita 67. Zamani kipande hiki kilikuwa tisho la madereva. Wakati wa masika malori yalikwama katika matope ya milimani, hata abiria wakalala njiani. Jiwe la msingi la barabara ya lami liliwekwa na Rais John Magufuli mwezi wa Aprili, 2019, na sasa njia yateremka kwa mizunguko mizuri, motakaa ikifuata motakaa bila taabu. Baba alitusimulia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili alishuka njia hii kwa miguu pamoja na baba yake, wamejitwika mahindi na maharagwe, kwenda kubadili kwa samaki wakavu. Ilikuwa safari ya siku mbili. Usiku walilala katika nyumba ya mtu wasiyemjua, aliyewapa ugali na moto. "Hata jina lake," akasema, "tulilijua asubuhi tulipoagana."

Kadiri tulivyoshuka nchi iligeuka. Migomba na mikahawa ilikwisha, ikaja miti ya miombo, na joto likaingia madirishani, tukavua makoti. Kisha, katika mzunguko mmoja, ziwa likatokea ghafula, kubwa, la samawati, halina mwisho machoni. Watoto walipiga kelele wakadhani ni bahari. Naam, lafanana na bahari: urefu wake wapita kilomita 550, na kina chake, mahali pa chini kabisa, chapata meta 700. Lakini maji ni matamu. Uso wake uko yapata meta 475 tu juu ya bahari, na milima ya Wamatengo mahali pengine yakaribia meta 2,000. Ndiyo sababu asubuhi tulijifunika blanketi na adhuhuri twatafuta kivuli. David Livingstone alilifikia ziwa hili upande wa kusini mwaka 1859, akalieneza jina la Nyasa, ambalo maana yake ni ziwa tu. Kwa hiyo tusemapo Ziwa Nyasa twasema ziwa mara mbili.

Mbamba Bay ni ghuba nzuri sana, yenye mchanga mweupe na mawe makubwa ya mviringo yaliyosimama majini kama tembo waoga. Mwaka 2012 wilaya ya Nyasa ilitengwa na ile ya Mbinga, na hapa pakawa makao yake. Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa vijumba vya matofali vilivyoezekwa nyasi, chini ya miembe, hatua thelathini toka maji. Aliyetupokea alikuwa binti wa kijiji hicho hicho. "Shikamoo, babu," akamwambia baba, akautwaa mfuko wake. Vitanda vilikuwa safi, vyandarua vizima, na taa za nguvu ya jua. Binti alisema kwamba kabla ya lami, wakati wa masika vyumba vilikaa vitupu, na yeye alikuwa karibu kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Sasa hana haja. Nami nilifurahi kusikia hivyo, maana ni jambo jema kijana kupata riziki yake kwao.

Alasiri watoto walikwenda kuogelea kati ya mawe. Maji ni maangavu, hata waliona samaki wadogo wa rangi nyingi, wa buluu na wa manjano. Ziwa hili lina mamia ya jamii za samaki, na wengi wao hawapatikani katika ziwa lingine lolote ulimwenguni. Mbali juu ya maji tuliona kama moshi mweusi uliosimama nguzo nguzo. Binti akatuambia kwamba si moshi. Ni makundi ya wadudu wadogo mno watokao ziwani. Jua likatua majini upande wa Malawi, na giza lilipoingia taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuonekana, moja, kumi, hamsini, hata ukadhani mji umejengwa katikati ya ziwa.

Saa ya kula ilipofika, kila kundi la wageni lilikaa kwenye meza yake na kungojea chakula lilichoagiza. Peke yake pembeni alikaa mfanya biashara wa dagaa. Baba alimtazama kwa muda, kisha akainuka na fimbo yake, akamwendea akasema, "Bwana, hapa kwetu kuna samaki wengi kuliko watu. Njoo tule." Mtu yule aliona haya kidogo, kisha akaja na sahani yake. Kabla hatujanawa mikono mara ya pili tulikuwa tumejua jina lake, watoto wake na bei ya dagaa. Nikafahamu kwamba baba alikuwa akiitafuta sengu yake hata mahali pale.

Siku ya pili tulikwenda Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, kwa barabara ya vumbi ifuatayo ziwa. Nchi hii ya Wanyasa ni ya mihogo na samaki, kama vile milimani ni nchi ya mahindi na maharagwe. Kila kijiji kina mitumbwi iliyopandishwa mchangani na dagaa walioanikwa wakimetameta kama fedha.

Liuli ina mambo mengi ya zamani. Karibu na ufuko liko jiwe kubwa liitwalo Pomonda, na Wajerumani, kwa kuona mahali pale pana mwamba wenye umbo kama sanamu ile ya kale ya Misri, waliiita bandari Sphinxhafen. Hapo ndipo tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, nahodha wake Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Wajerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na walikuwa na desturi ya kukutana na kunywa pamoja. Habari za vita hazikuwa zimemfikia, hata akaja kwa mashua kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Akakamatwa.

Hapo Liuli pia liko kaburi la William Percival Johnson, padre Mwingereza wa misheni ya UMCA. Alianza kazi katika Afrika mwaka 1876, akafa Liuli mwezi wa Oktoba, 1928. Macho yake yaliharibika mapema, hata akawa karibu kipofu, lakini aliitafsiri Biblia katika Kinyanja, akawafundisha watu wa vijiji vya ziwa kwa kuwaendea walipo, kwa miguu na kwa meli. Misheni yake ilikuwa na meli Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa ziwani mwaka 1901. Watu wa Liuli wangali wakimtaja Johnson kama mtu wa kwao. Nadhani ni kwa sababu hakuja kuwatazama akapita, alikaa.

Nalo ndilo jambo nililosema nitalileta.

Shangazi tulimkuta ameketi juu ya mkeka mbele ya nyumba yake, chini ya mwembe. Baba akainama akasema, "Shikamoo, dada." Akajibu, "Marahaba, mdogo wangu. Nilikubeba mgongoni, na leo umekuja na fimbo." Wakacheka, kisha wakashikana mikono muda mrefu bila kusema neno. Watoto wakamwamkia bibi yao. Mjukuu anayekaa naye, msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa amekwisha jaza mitungi yote, amepika wali na kuku, na ndani ya nyumba tuliona mikeka iliyotandikwa na magodoro mawili aliyoyaazima kwa majirani.

Tukala, tukazungumza. Ilipopata saa tisa mdogo wangu akatazama saa yake, akasema ni heri tuondoke mapema kwa sababu ya njia. Shangazi akauliza, "Mnakwenda wapi?" Akamweleza kwa adabu, "Shangazi, tumeweka vyumba Mbamba Bay, vimekwisha lipiwa. Hatukutaka kukuchosha. Tutakuja tena siku nyingine." Shangazi akanyamaza. Kisha akageuka, akamwambia baba, si yeye, "Mdogo wangu, nilidhani nimepata mgeni, kumbe nimepata mpita njia."

Hapana aliyejibu. Hata watoto waliacha kucheza. Mwisho baba akasema, "Ulipoolewa nilikuja kukutazama kwa miguu, siku mbili, nikakaa siku nne. Leo nimekuja kwa motakaa, sikuchoka. Nikikaa saa tano tu, barabara hii imenifaa nini? Leteni mfuko wangu."

Basi tukafanya shauri. Mimi na baba tukabaki. Mdogo wangu na mke wangu na watoto wakarudi Mbamba Bay usiku ule, wakaja tena asubuhi, na usiku wa tatu tukalala sote kwa shangazi, wengine kitandani, wengine mikekani. Mke wangu, aliye na jicho la nyumba, aliongea na yule msichana jikoni, akapata kujua kwamba mchele wa siku ile ulikopwa dukani. Akaenda kulipa bila kelele, akaacha na unga na maharagwe tuliyoyaleta, pamoja na sukari na mafuta. Msichana alipumzishwa kuteka maji, maana watoto wangu walibeba ndoo. Kwa hiyo shangazi alikuwa na heshima ya mwenyeji, wala hakuwa na deni la mwenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulilitwaa jembe siku ya kwanza.

Usiku wa tatu, baada ya sala na chakula, shangazi akasema neno ambalo hatukulitazamia. Alisema, "Mdogo wangu, nikifa msinichukue kwenda milimani. Mume wangu amelala hapa, na watoto wangu wawili wamelala hapa. Najua watu wa ukoo watataka binti yao arudi kwao, na watu wa hapa watakataa, na patakuwa ugomvi juu ya jeneza langu. Mwenye kauli ni wewe. Niambie sasa, nisikie kwa masikio yangu."

Baba hakujibu upesi. Mimi nilijua sababu, na shangazi hakuijua: katika ntambo yetu, kando ya kaburi la mama yao, baba alikuwa amemwekea mahali kwa miaka mingi, wala hakuruhusu mtu apande kitu pale. Tulisikia mawimbi ufukoni kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia, dada. Utalala hapa." Shangazi akasema, "Asante," akaomba maji ya kunywa, wakaanza kuzungumza habari za mbuzi waliowachunga utotoni.

Shangazi yetu alifariki mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Simu ililia alfajiri, na kwa barabara ile ile tukafika Liuli kabla ya jua kutua, jambo ambalo zamani lisingaliwezekana. Wako watu wa ukoo waliokuja na shauri la kumrudisha milimani. Baba akasimama akasema, "Aliniambia mwenyewe," na mdogo wangu akasema, "Nami nilisikia," neno likaisha. Akazikwa kwa amani karibu na mume wake, watu wa milimani na watu wa ziwani wakishika koleo pamoja.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Neno kubwa la namna hii halisemwi kwa mgeni aliyeshika funguo za motakaa mkononi. Husemwa usiku wa pili au wa tatu, vyombo vikiwa vimekwisha oshwa na watu hawana haraka. Barabara imetupunguzia njia, nasi twashukuru. Lakini tusikubali itupunguzie na kukaa kwetu na ndugu.

Sisemi kwamba nyumba za wageni ni mbaya. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi, mfanya biashara, mtu asiye na ndugu upande ule, wagonjwa wanaohitaji kitanda, hao wote wanazihitaji, na vijana wa ziwani wanapata kazi. Tena wako wenyeji wazee au maskini ambao kundi kubwa lingewalemea kweli. Lakini jambo hili na liulizwe kwa mwenyeji kabla ya fedha kulipwa, wala tusimwamulie sisi. Pengine atasema, "Laleni huko, mje mchana," na hapo hapana aibu. Pengine atataka mmoja tu abaki naye. Na mgeni aendaye kwa ndugu asiende mikono mitupu, wala asingoje kuambiwa kuteka maji.

Kwa waalimu na wazazi watakaosafiri: wakati mzuri ni toka Juni hata Oktoba, mvua zikiwa hazipo. Chukueni nguo za baridi kwa Mbinga na kofia kwa Mbamba Bay. Simamisheni motakaa mahali pa ngolo, mkatafute mzee wa kuwaeleza watoto, maana wakipita kwa mwendo wa upesi wataona mashimo tu. Na kama kuna shangazi au babu katika njia ile, mpigieni simu kabla ya kuipigia nyumba ya wageni.

Nawatakia safari njema ninyi nyote mtakaoshuka ziwani likizo ijayo.